Utafiti wa vyuo vikuu vya umma: yanayosemwa na yaliyopo

Ukitaka watu wacheke matumizi ya fedha za umma, waambie kuna mtaalamu aliyelipwa kutafuta vijidudu kwenye maji yanayokaribia kuchemka. Habari yenyewe ni ya kweli. Miaka ya 1960, Thomas Brock wa Chuo Kikuu cha Indiana alikuwa akizungukia chemchemi za moto za Yellowstone, Marekani. Mwaka 1966 yeye na Hudson Freeze, mwanafunzi wake wa shahada ya kwanza, walichukua humo bakteria anayestawi kwenye joto la nyuzi 70 za Selsiasi. Walitaka tu kujua uhai unaweza kuvumilia joto hadi wapi.

"Utafiti usiojulikana utatumika wapi ni anasa"

Hii ndiyo dhana ninayokutana nayo zaidi, na aghalabu anayeisema ni mtu mwenye nia njema kabisa: fedha ni kidogo, mahitaji ni mengi. Lakini fuatilia safari ya yule bakteria. Alipewa jina *Thermus aquaticus*, sampuli yake ikahifadhiwa mahali ambapo mtafiti yeyote angeweza kuiomba, na mambo yakatulia. Mwaka 1983 Kary Mullis akabuni njia ya kunakili kipande kidogo cha DNA hadi kipatikane kwa mamilioni. Njia ilikuwa nzuri ila ilichosha. Kila mzunguko ulihitaji kupashwa joto, na joto hilo liliharibu kimeng'enya kinachofanya kazi ya kunakili, hivyo ikabidi kingine kiongezwe kila mara. Kimeng'enya cha bakteria wa Yellowstone hakikuharibika. Njia hiyo ndiyo PCR, iliyotambua wagonjwa wa Uviko-19 dunia nzima, inayolinganisha damu ya eneo la tukio na ya mtuhumiwa, na inayomaliza ubishi wa nani ni baba wa mtoto.

Sasa mpe Brock fomu ya kuomba ruzuku ya mwaka 1966, yenye kisanduku cha "faida inayotarajiwa". Angeandika nini humo? Akiwa mkweli, angekiacha kitupu, na fomu yenye kisanduku kitupu tunajua inaishia wapi.

"Kampuni binafsi zingeweza kuifanya kazi hiyohiyo"

Hapa kuna nusu ya ukweli, na ni vizuri kuikubali. Mullis mwenyewe alikuwa mwajiriwa wa kampuni, Cetus ya California. Kampuni zinajua kuchukua kitu kinachofanya kazi mezani na kukifikisha kwa watu: majaribio ya kitabibu, viwanda, usambazaji. Hizo ni gharama ambazo chuo hakiziwezi. Ila kampuni huingia pale faida inapoweza kukadiriwa na kuzungushiwa uzio. Ugunduzi wa awali hauna uzio, kila mtu akiusoma anaweza kuutumia, na mwenyehisa hana sababu ya kulipia shamba ambalo jirani ndiye atakayevuna.

Barnett Rosenberg wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan alikuwa akijiuliza kama umeme unaathiri namna seli zinavyogawanyika. Akapitisha mkondo kwenye chombo chenye bakteria. Wakaacha kugawanyika, wakarefuka kama nyuzi. Ikaja kugundulika kuwa si umeme uliofanya hivyo. Ni mchanganyiko wa kemikali uliotokana na vijiti vya platini alivyotumia kupitisha umeme. Matokeo yalichapishwa 1965, na mwaka 1978 dawa ya cisplatin ikaidhinishwa kutibu saratani. Saratani ya korodani, iliyokuwa ikiua vijana wengi ikishasambaa, leo huponywa kwa wengi wao. Kampuni ndiyo iliyoifikisha sokoni, sawa. Lakini ni bodi gani ya wakurugenzi ingeidhinisha bakteria wapigwe umeme?

"Maarifa hutoka chuoni kwenda kwa mwananchi"

Mara nyingi njia ni ya pande mbili. Mwaka 1933, katikati ya dhoruba ya theluji, mkulima mmoja alifika Chuo Kikuu cha Wisconsin na ndama jike aliyekufa, mzigo wa nyasi zilizoharibika na chombo cha damu iliyokataa kuganda. Ng'ombe wake walikuwa wakivuja damu hadi kufa, na alitaka kujua kwa nini. Karl Paul Link na wenzake walitumia miaka sita kutenga sumu iliyokuwa ndani ya nyasi hizo. Kutokana nayo wakatengeneza warfarin, ambayo ilianza kuuzwa 1948 kama sumu ya panya, kisha miaka ya 1950 ikawa dawa ya kuzuia damu kuganda kwenye mishipa ya binadamu. Swali lilikuwa la mkulima. Chuo kilikuwa na subira ya kulijibu.

"Sayansi ya jamii ni maneno matupu"

Elinor Ostrom, wa chuo kilekile cha Indiana, alichunguza watu wanaotumia kwa pamoja misitu, maji ya umwagiliaji na maeneo ya uvuvi. Wakati wake iliaminika kuwa mali ya wote lazima iharibiwe, isipokuwa serikali iichukue au igawiwe watu binafsi. Alionyesha kwa ushahidi wa nchi nyingi kwamba watumiaji wanaweza kujiwekea kanuni na kusimamiana, na akaeleza ni katika mazingira gani hufaulu. Mwaka 2009 akawa mwanamke wa kwanza kupata Nobeli ya uchumi. Hakuna bidhaa yoyote iliyouzwa hapo.

"Kila senti ya utafiti hurudi mara kadhaa"

Hii ni dhana ya upande wetu, sisi tunaoutetea utafiti, na inaniudhi zaidi ya zote. Tafiti nyingi hazifiki popote. Nyingine zina makosa. Na nyingine zimefungiwa kwenye majarida ambayo hata mlipakodi aliyezigharimia hawezi kuyasoma bila kulipa tena. Anayekupa namba moja ya faida kwa utafiti wote amechanganya warfarin na makala isiyosomwa na mtu, kisha akagawanya.

"Utafiti mzuri utakilipia chuo"

Michigan walipata mrabaha mkubwa kwa cisplatin, na tangu hapo viongozi wa vyuo wengi wameota bahati kama hiyo. Ni wachache sana wanaoipata. Huko Marekani ofisi nyingi za kusimamia hataza (haki za kumiliki uvumbuzi) za vyuo haziingizi hata gharama zake. Faida kubwa hupita pengine: kwa wahitimu wanaoondoka na ujuzi wa maabara vichwani, kwa wagonjwa wanaorudi kazini.

Mwaka 1923 watafiti Banting, Best na Collip walikiuzia Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, haki zao za insulini, dawa ya kisukari, kwa dola 1 kila mmoja, ili mtu asije akaimiliki peke yake. Chuo kikatoa leseni kwa watengenezaji. Miaka 100 baadaye, nchini Marekani, jirani wa Kanada, wagonjwa walikuwa bado wakilalamikia bei ya chupa moja.