Mfalme, Nabongo, Ruoth: Vyeo vya Watawala na Maana Zake

Tulikuwa kwenye matatu ya Kisumu kwenda Mumias mpwa wangu aliponiuliza: "Mjomba, kama Mumia alikuwa mfalme, mbona mwalimu anamwita chifu?" Nilianza kumjibu kuhusu Mumia, mtawala wa zamani wa Wawanga wa magharibi mwa Kenya, nikaona jibu linakuwa refu kuliko safari. Vyeo vya watawala si visawe. Kila kimoja kinaeleza madaraka ya mwenyewe yametoka wapi: kwenye damu, kwenye dini, kwenye upanga au kwenye barua ya serikali.

Mfalme ni mtawala anayekalia kiti kwa kurithi. Cheo chake ni ufalme, na nchi yake nayo ni ufalme. Zikiwa nyingi ni falme. Ndiyo maana twasema Falme za Kiarabu, ingawa kati ya watawala saba wa huko hakuna anayejiita mfalme. Ni masheikh. Kiti chenyewe ni kiti cha enzi, na enzi ni neno la asili ya Kiarabu lenye maana ya nguvu na utukufu. Rais huapishwa, lakini mfalme hutawazwa. Vitenzi hivi viwili vinafaa kutenganishwa, kwa kuwa anayeapa anatoa ahadi mbele ya watu, ilhali anayetawazwa anawekwa mahali palipokuwa pake tangu azaliwe. Mtoto wake ni mwanamfalme, na wa kike ni binti mfalme.

Malkia ana utata wake. Kiswahili kinamwita malkia mwanamke anayetawala mwenyewe, na pia mke wa mfalme. Elizabeth wa Pili alirithi ufalme wa Uingereza akiwa papa hapa Kenya, Februari 1952, baba yake alipofariki. Yeye alikuwa malkia mtawala. Camilla ni malkia kwa sababu ameolewa na Charles. Mwandishi makini ataongeza maneno mawili matatu ili msomaji asichanganyikiwe. Neno hili tumelipenda hata tukawapa nyuki, na timu ya taifa ya voliboli ya wanawake tukaiita Malkia Strikers.

Sultani linatokana na neno la Kiarabu la mamlaka. Sultani wa Zanzibar ndiye aliyekuwa na haki juu ya ukanda wa pwani ya Kenya hadi 1963, na mwakilishi wake aliitwa liwali. Himaya nalo nalisikia likitumika ovyo. Maana yake ya kwanza ni ulinzi: aliye chini ya himaya yako ni yule unayemlinda. Leo latumika kwa eneo lolote kubwa la mtawala mmoja, na si kosa, ila ule ulinzi umesahaulika. Diwani ameshuka zaidi. Katika pwani ya Mrima, ile ya bara inayotazamana na Zanzibar, lilikuwa jina la mtawala wa mji, mwenye ngoma na siwa zake, yaani pembe za heshima za kupuliza. Sisi tumelijua kama jina la mtu unayempigia kura ili atengeneze barabara ya wadi.

Huku kwetu ndiko mambo yanakonoga. Mjaluo akisema ruoth, huenda anamaanisha mfalme, huenda chifu wa lokesheni, huenda Bwana Mungu. Muktadha ndio unaoamua. Kanisani utasikia Ruoth Yesu, na ukitoka nje uelekezwe kwa ruoth akugongee muhuri. Ufalme ni pinyruoth, yaani nchi ya ruoth. Waluhya nao wana omwami, ambaye ni mkubwa, chifu au Bwana wa mbinguni. Neno hilo hilo huko Rwanda na Burundi lilikuwa kubwa kabisa: mwami ndiye aliyekuwa mfalme wa nchi nzima, hadi falme hizo zilipoondolewa katika miaka ya 1960. Kwa hiyo anayetafsiri kwa kufuata sauti ya neno tu atampandisha chifu awe mfalme, au amshushe mfalme awe chifu.

Kosa linaloniuma zaidi ni la kumwita orkoiyot wa Wanandi mfalme. Koitalel arap Samoei, aliyeuawa na Waingereza Oktoba 1905 baada ya miaka ya upinzani dhidi ya reli na ukoloni, hakuwa mfalme. Orkoiyot ni kiongozi wa kiroho wa ukoo wa Talai, mwenye karama ya kuona mbali na kubariki vita, lakini shauri la kila siku lilikatwa na wazee kwenye kokwet, baraza lao la kijiji. Tukimvisha taji tunampa asichokuwa nacho, na kile alichokuwa nacho tunakifuta. Afadhali tuandike orkoiyot, tueleze mara moja, tuendelee.

Nabongo ni jambo lingine. Wawanga walikuwa na ufalme hasa, wa kurithiana, na nabongo ndiye mfalme wao. Mumia alikishika cheo hicho miaka ya 1880 baada ya baba yake, Shiundu. Mwaka 1909 Waingereza wakampa cheo cha pili, chifu mkuu, ili atawale kwa niaba yao hata watu ambao hawakuwa wamewahi kuwa chini ya Wanga. Chuki za wakati huo bado zinasimuliwa na wazee. Mpwa wangu alikuwa sahihi, na mwalimu wake pia. Walikuwa wanataja vyeo viwili vilivyokaa juu ya mtu mmoja. Katika miaka ya 1920 serikali ilimstaafisha uchifu wake. Unabongo haikuweza kuuchukua, kwa kuwa haikuutoa yenyewe, na alikufa nao mwaka 1949.

Matatu ilipoingia mjini, nilimwonyesha kibao cha Mumias, nikamwambia wafanyabiashara Waswahili waliokuja na misafara yao walipaita Kwa Sundu, wakimkusudia Shiundu. Baadaye pakawa kwa Mumia. Akaniuliza kama nabongo yupo hata leo. Nikamwambia yupo, na Wawanga bado wanamwita hivyo.