Miami Marlins 2020: mechi 60, wachezaji 61

Nina daftari ambamo huandika mechi za besiboli, mpigaji kwa mpigaji, na hakuna ukurasa uliochafuka kama ule wa tarehe 9 Septemba 2020. Siku hiyo Atlanta Braves waliwafunga Miami Marlins 29 kwa 9. Visanduku vya Atlanta vilijaa, nikahamia pembezoni mwa karatasi, pembezoni nako kukajaa. Tangu mwaka 1900 hakuna timu ya National League, moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu ya Marekani, iliyokuwa imefunga pointi nyingi kiasi hicho katika mechi moja.

Siku 16 baadaye, Marlins hao hao walifuzu hatua ya mtoano. Mara ya mwisho walikuwa wamefika huko mwaka 2003.

Kazi yangu ni kufundisha takwimu, na msimu ule ndio mfano ninaoupenda kuliko yote nikifika kwenye mada ya ukubwa wa sampuli. Wanafunzi wangu wengi wamekua na soka, besiboli wanaisikia kwangu. Kwa hiyo naanza na kalenda. Ligi kuu ya Marekani kwa kawaida huchezwa mechi 162 kwa kila timu, karibu kila siku kwa miezi sita. Wingi huo una faida yake. Katika mechi moja ya besiboli timu mbovu humfunga bingwa mara nyingi mno, na zinahitajika mechi nyingi ili bahati ya huku ifutwe na bahati ya kule. Washington Nationals mwaka 2019 walianza kwa kushinda 19 na kupoteza 31, wakamaliza mwaka wakiwa mabingwa. Msimu ungekatishwa hapo, wangekumbukwa kama timu iliyoshindwa.

Mwaka 2020 ulikatishwa kweli, ila mwanzoni. Mazoezi ya kabla ya msimu yalisimamishwa Machi 12 kwa sababu ya korona, na ligi ikaja kuanza Julai 23 ikiwa na mechi 60 tu, viwanjani bila mashabiki. Zikatungwa kanuni za dharura. Timu zikicheza mechi mbili kwa siku moja, kila mechi ni iningi 7 badala ya 9; iningi moja ni kila timu kupata zamu yake ya kupiga. Mechi ikienda muda wa nyongeza, kila iningi inaanza na mkimbiaji amekwishawekwa besi ya pili, yaani nusu ya njia ya kufunga pointi, ili mambo yaishe mapema. Na timu 8 za kila ligi zingefuzu, badala ya 5.

Marlins walikuwa wametoka kwenye mwaka wa aibu: 2019 walishinda 57 na kupoteza 105. Wakafungua msimu Philadelphia, wakashinda mbili kati ya tatu, lakini virusi vilikuwa vimeshaingia chumba cha kubadilishia nguo. Kabla ya mechi ya Jumapili, Julai 26, ilikwishajulikana kwamba baadhi ya wachezaji wameambukizwa. Wenzao wakajadiliana kwa ujumbe wa simu, wakaamua kucheza. Naipenda timu hii, na bado nasema ule ulikuwa uamuzi mbaya. Upande wa pili kulikuwa na watu ambao hawakuulizwa. Hesabu ilipokamilika, wachezaji 18 walikuwa na virusi. Wagonjwa walirudishwa Miami kwa mabasi, wazima wakabaki wamejifungia hotelini Philadelphia, na ratiba ikasimama.

Waliporudi uwanjani Agosti 4, mjini Baltimore, zilibaki mechi 57 za kuchezwa kwa siku 55. Hebu isome tena hesabu hiyo. Mapumziko yalikuwa hayapo hata kwenye karatasi. Na nusu ya kikosi hakipo! Viongozi wakaokota watu popote walipowapata: vijana wa timu za chini, wakongwe walioachwa na timu nyingine, yeyote mwenye mkono mzima. Mmoja wao ni Eddy Alvarez, mzaliwa wa Miami, aliyekuwa na medali ya fedha ya Olimpiki ya majira ya baridi ya Sochi 2014, katika mbio za kuteleza kwenye barafu. Aliingia ligi kuu kwa mara ya kwanza Agosti 5, akiwa na miaka 30.

Huku kwetu mechi hizo huanza saa nane usiku. Nakumbuka nimekaa jikoni na simu imeegemezwa kwenye birika, sauti chini watoto wasiamke, naandika majina ambayo sijawahi kuyasikia. Pablo López, mrushaji wa mpira kwa wapigaji, akafanya kazi nzuri, Marlins wakashinda 4 kwa 0. Wakacheza nne pale Baltimore, wakashinda zote nne. Hadi msimu unaisha, kocha mkuu Don Mattingly alikuwa ametumia wachezaji 61 kwa mechi 60. Sidhani kama kuna namba nyingine inayoueleza mwaka ule vizuri kuliko hiyo.

Sasa darasani. Marlins walimaliza na ushindi 31, wakapoteza 29, nafasi ya pili katika kundi lao. Lakini walifunga pointi 263 na kufungwa 304. Mtu wa soka anaielewa haraka: tofauti ya pointi ni hasi 41, na bado wamefuzu. Kuna kanuni aliyoibuni Bill James ya kukadiria timu ilistahili kushinda mara ngapi: zidisha pointi za kufunga kwa zenyewe, kisha ugawe kwa jumla ya hiyo na za kufungwa zilizozidishwa vivyo hivyo. Kwa Marlins jibu ni 0.428, yaani karibu ushindi 26 katika mechi 60. Walipata 31.

Je, hizo tano zilitoka wapi? Hapo ndipo ninapogawa sarafu. Kila mwanafunzi anarusha ya shilingi mia mara 60 na kuandika. Haipiti dakika kumi kabla mmoja hajapata vichwa 36 na jirani yake 25, na hakuna anayedhani mmoja ana kipaji. Timu yenye uwezo wa 0.428 itafikisha ushindi 31 au zaidi katika mechi 60 karibu mara moja kwa kila misimu kumi. Ipe mechi 162, na kufikia uwiano ule ule kunashuka hadi karibu mara moja kwa misimu 80. Ufupi wa msimu ndio uliofungua mlango.

Wapo wanaoishia hapo na kusema ilikuwa bahati tupu. Siwakubalii. Kama Marlins wangekuwa bado ile timu ya 57 kwa 105, matarajio yao katika mechi 60 ni ushindi 21, na kufika 31 kungetokea chini ya mara moja katika misimu 100. Walikuwa wameboreka, kiasi. Halafu kile kipigo cha 29 kwa 9 peke yake kimebeba pointi 20 kati ya zile hasi 41. Kupoteza kwa pointi 20 na kupoteza kwa moja kwenye msimamo ni kitu kimoja, na Mattingly, mwenye warushaji waliochoka, hakuwa na sababu ya kuchoma mikono mizuri kwenye mechi iliyokwishazama.

Walifuzu Septemba 25, New York, nyumbani kwa Yankees, 4 kwa 3 katika iningi ya 10. Pointi ya ushindi ilitokana na kanuni ile ya dharura ya mkimbiaji wa besi ya pili: Jesús Aguilar akaupiga mpira wa juu, ukadakwa mbali, mkimbiaji akapata nafasi ya kurudi nyumbani, yaani besi ya mwisho inayoleta pointi. Ilikuwa imetimia miaka minne tangu mrushaji wao José Fernández afariki katika ajali ya boti. Kwenye ukurasa wa usiku huo mwandiko wangu unatetemeka, na sijaunakili upya.

Huko Chicago wakawatoa Cubs, 5 kwa 1 na 2 kwa 0. Kisha Houston, wakakutana na Atlanta wale wale, wakapoteza zote tatu. Mattingly akatunukiwa tuzo ya kocha bora wa National League, na kwangu hakuna aliyeistahili zaidi.

Mwaka 2021 mechi 162 zilirudi. Kwa ile 0.428 ningewapa ushindi 69. Walipata 67.