Vinasaba vya mafuta ni nini?

Neno vinasaba tumelizoea hospitalini na mahakamani, pale panapotafutwa baba wa mtoto. Kwenye mafuta kama petroli na dizeli, Tanzania inalitumia kwa maana nyingine: ni kemikali maalumu inayotiwa kwenye mafuta yaliyolipiwa kodi kwa ajili ya kuuzwa nchini. Kwa macho huioni, na injini haijui kama ipo.

Kazi hii ilianza 2010 chini ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, miaka ileile neno "kuchakachua", yaani kuchanganya mafuta kwa udanganyifu, lilipokuwa mdomoni mwa kila mtu. Mafuta ya taa yalikuwa na ushuru mdogo kwa kuwa ndiyo taa na jiko la mnyonge. Wajanja wakayachanganya na dizeli, wakauza kwa bei ya dizeli. Wengine walishusha njiani mafuta ya transiti, yale yanayotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia au Kongo, ambayo hayalipiwi kodi hapa.

Nguvu ya vinasaba iko kwenye hesabu. Vinatiwa depo, yaani kwenye maghala makubwa ya mafuta, kwa kipimo kidogo sana kisichobadilika. Chukua lita 8,000 za dizeli yenye vinasaba, ongeza lita 2,000 za mafuta ya taa yasiyo navyo. Ukitazama, ni dizeli tu. Mkaguzi akichota sampuli sheli na kuiweka kwenye kifaa chake, vinasaba vinasoma asilimia 80 ya kinachotakiwa. Hapo mchezo umekwisha, kwa sababu kemikali yenyewe ni siri na mwenye kituo hana pa kuinunua ili afidie pengo.

Kenya ilianzia upande wa pili: alama inatiwa kwenye mafuta ya taa na yale ya kwenda nje. Ikionekana kwenye dizeli ya kituo cha ndani, wizi umejulikana.

Jambo moja watu wengi hulichanganya. Mafuta kufaulu kipimo cha vinasaba hakumaanishi ni safi. Maji yakiingia kwenye tenki la chini ya ardhi, au pampu ikipunja, vinasaba havitasema kitu. Hayo yana vipimo vyake. Na uchakachuaji unaonitisha zaidi hauhusu gari kabisa: petroli ikiingia kwenye mafuta ya taa, jiko linaweza kumlipukia mama jikoni.

Vinasaba peke yake havikutosha. Tofauti ya bei ilipobaki kubwa, kishawishi nacho kilibaki. Ndiyo maana 2011 Tanzania ilipandisha sana ushuru wa mafuta ya taa, na 2018 Kenya ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta hayo. Faida ya kuchanganya ilipungua kweli, lakini gharama ikaangukia nyumba zilizokuwa zikiwasha vibatari na hazijawahi kuchakachua hata tone.