Je, wajua kwa nini gnocchi za viazi zinageuka mpira?

Gnocchi, Waitalia wenyewe wanatamka nyoki, ni vidonge vya viazi mbatata na unga wa ngano, vinachemshwa dakika mbili tatu tu alafu vinachanganywa na sosi ya nyanya au siagi. Vitu vyenyewe ndo hivyo, viazi, unga, chumvi, wengine wanatia na yai. Sasa mbona ukijaribu nyumbani unatafuna kama bigijii?

Mchawi ni maji. Kiazi kibichi karibu asilimia 80 ni maji, na ukikimenya ukakikatakata kabla ya kuchemsha kinakunywa mengine, ukiponda donge linanata vidoleni, unaongeza unga, bado linanata, unaongeza tena. Na unga wa ngano ukishalowa ukakandwa unatoa gluteni, zile nyuzi zinazovutika, ambazo kwenye chapati tunazitafuta kwa nguvu zote ila huku ndo zinaharibu kila kitu.

Ndo maana Waitalia wanachemsha viazi na maganda yake, tena vile vya unga vilivyokaa kaa stoo, sio vipya vya majimaji. Wanamenya vingali vya moto, wanavipitisha kwenye kikamulio chenye matundu (chekeche na mgongo wa mwiko vinatosha kabisa), wanavitandaza mezani. Ule mvuke unaouona unapanda ni maji yanaondoka, kwahiyo usiwe na haraka, uache utoke. Blenda usiguse, inapasua chembe za kiazi wanga wote unamwagika na unabaki na gundi.

Kilo moja ya viazi inataka unga gramu 250 hadi 300 hivi, na hapo hukandi, unakusanya tu mpaka donge lishikane, basi mikono juu. Unaviringisha kamba nene kama kidole, unakata, unabonyeza kwa uma upate vijistari vya kushika sosi.

Kwenye maji yanayochemka yenye chumvi vinazama kwanza, alafu hewa na mvuke ndani vinatanuka, kidonge kinakuwa chepesi kuliko maji kinapanda juu. Kikielea tu, opoa.

Na usidhani viazi vimekuwepo Italia siku zote, asili yake ni milima ya Andes, vimefika Ulaya karne ya 16, kabla ya hapo gnocchi zilikuwa za unga au mkate. Roma ni chakula cha Alhamisi, na Argentina, walikohamia Waitalia wengi, wanakula kila tarehe 29 mfuko ukiwa umekauka, wanaweka na pesa chini ya sahani wakiomba mwezi ujao uwe na neema, mi hiyo naipenda sana.

Kabla hujakata donge lote chemsha kidonge kimoja uone. Kikitawanyika kwenye maji, ongeza unga kijiko kimoja. Kikishikana, hata kama donge bado laini laini mkononi, usiongeze kitu.