Je, wajua? Ripoti zilitoka kila siku vitani Korea, ilikuwaje Wachina karibu laki tatu wasionekane?

Vita ya Korea (1950 mpaka 1953), Korea Kusini na Marekani upande mmoja, Korea Kaskazini na baadaye China upande wa pili, ilikuwa na makaratasi balaa upande wa Wamarekani. Kila siku kombania inaripoti kwa batalioni, batalioni inapeleka juu, divisheni inajumlisha, Jeshi la Nane la Marekani linajumlisha tena, halafu inaenda Tokyo kwa Jenerali MacArthur, kamanda mkuu wa vita hiyo upande wa Marekani, na Tokyo wanarusha Washington kwa teletaipu (mashine ya kutuma maandishi). Humo ndani kuna nani yuko wapi kwenye ramani, wangapi wamekufa, mateka wangapi, risasi na mafuta vimebaki kiasi gani na adui anajipanga vipi. Hata saa ilibidi iandikwe na herufi ya kuonyesha ni saa za wapi, maana vita ilianza Korea Jumapili alfajiri, tarehe 25 Juni 1950, wakati Washington bado ni Jumamosi mchana.

Sasa pamoja na yote hayo, Oktoba 1950 Wachina wakaanza kuvuka mto Yalu, mpaka wa China na Korea, kimya kimya, mpaka mwishoni mwa Novemba wanakaribia laki tatu, na ripoti ya Tokyo inasema hawafiki hata laki moja!

Jamaa walikuwa wanatembea usiku tu. Kukipambazuka wanajificha vijijini na misituni, ndege za upelelezi zinapita juu zinapiga picha barabara tupu, na ripoti inaandika kilichoonekana, basi.

Ila kilichowamaliza zaidi naona ni mateka. Wachina walianza kukamatwa mwishoni mwa Oktoba, na wengine wakataja vikosi vyao bila shida yoyote, kumbe wakubwa wao walishabadilisha majina, divisheni nzima inaitwa batalioni, kwa hiyo afisa anayemhoji anaandika batalioni na watu maelfu wanageuka mamia kwenye karatasi.

Halafu kuna suala la bosi. Tarehe 15 Oktoba, kisiwani Wake, MacArthur alishamwambia Rais Truman kwamba uwezekano wa China kuingia vitani ni mdogo sana. Mkuu wake wa upelelezi, Charles Willoughby, ndiye aliyekuwa anapitisha hesabu za adui pale Tokyo, na mimi siamini kabisa kwamba maneno ya bosi hayakumgusa. Na Wachina nao, baada ya kuwapiga Wamarekani vibaya pale Unsan, Korea Kaskazini, mwanzoni mwa Novemba wakapotea ghafla, siku zikapita ripoti zinasema mambo shwari, watu wakazidi kujiamini.

Tarehe 24 Novemba MacArthur akaanzisha shambulio la kumaliza vita, wanajeshi wanaongelea Krismasi nyumbani, kesho yake usiku Wachina wakashuka milimani. Tarehe 28 akaiandikia Washington kwamba wanakabiliwa na vita mpya kabisa, na tarehe 4 Januari 1951 Seoul, mji mkuu wa Korea Kusini, ikaanguka tena mikononi mwa adui.