Kuchora bodi ya gitaa kuukuu la umeme: kazi iko kwenye vanishi

Swali la kwanza ni kama rangi ya zamani lazima itoke. Mara nyingi hapana. Magitaa mengi ya kiwandani yana tabaka nene la poliesta, gumu kama plastiki, na likiwa bado limeshika vizuri hakuna msingi bora kuliko huo. Likwaruze kwa msasa namba 320 mpaka mng'ao wote ufe, ziba mashimo kwa puti, kisha puliza praima (rangi ya kushikisha) mara mbili. Ibandue tu ikiwa imepasuka au inabanduka yenyewe. Kujua ni rangi ya aina gani, gusa chini ya kibao cha plastiki kwa pamba yenye asetoni: ikinata ni laka (vanishi inayoyeyuka kwa thina), isipobadilika ni poliesta au poliuretani.

Kabla ya hapo ondoa kila kitu, pamoja na waya wa athi ulio chini ya daraja (kipande kinachoshikilia nyuzi kwenye bodi). Mfuko wa shingo, yaani shimo la bodi inamoingia shingo, ufunike kwa tepu ya karatasi. Rangi ikijaa mle, shingo haikai tena ilivyokaa. Vaa barakoa ya vumbi unapopiga msasa, na yenye kichujio cha mkaa unapopuliza.

Mchoro wenyewe ni rangi ya akriliki, nyembamba, kwa tabaka mbili au tatu. Ukitaka mistari mikali, bandika tepu, kisha puliza kwanza rangi ileile ya msingi, yaani iliyo chini ya tepu, juu ya ukingo wake. Kitakachopenya chini ya tepu kitakuwa rangi ya msingi, hakionekani. Baada ya hapo ndipo uweke rangi ya mchoro, na uitoe tepu kabla haijakauka kabisa, ukiivuta kuelekea nyuma. Ukingoja ikauke, inang'oka na vipande vya rangi.

Mchoro ukishakauka hufunikwa kwa vanishi, na hapa ndipo wengi huharibu. Laka ikipulizwa nzito, thina yake inazama na kukunja rangi iliyo chini, na wino wa kalamu, kama umechorea kalamu, unatawanyika. Tabaka mbili za kwanza ziwe ukungu tu, zikauke. Endelea na nne za kawaida, subiri siku moja, kisha sawazisha kwa msasa 600 uliozungushwa kwenye kibao. Lengo ni kufuta ngazi ya ukingo wa mchoro bila kuugusa mchoro. Kwenye kona za bodi usipite kabisa. Huko vanishi ni nyembamba na rangi hutokea ghafla. Ukiona ngazi bado ipo, usiikwangue, ongeza vanishi.

Laka ya nitroselulosi iache wiki tatu hadi nne. Inusie: ikinuka thina, bado. Halafu msasa wa maji 1000, 1500, 2000, na dawa ya kung'arishia. Matundu ya skrubu yazibe kwanza, maana mbao ikinywa maji huvimba na kupasua vanishi kuzunguka tundu. Kabla ya kurudisha skrubu, panua kidogo mdomo wa kila tundu kwa mkono, kwa ncha ya keekee kubwa kuliko tundu.