Ni Magonjwa Gani Sheria Inakutaka Uyaripoti, na Serikali Inaweza Kukufanyia Nini

Bwana afya akibisha hodi Kisauni au Likoni, hapa Mombasa, na kuuliza kama kuna anayeharisha humo ndani, wengi hudhani amekuja kumchukua mtu. Mlango hufunguliwa nusu, jibu likawa "sote wazima", na mgonjwa yuko chumba cha nyuma. Hofu hiyo haikuzuka bure. Mei 2020, serikali ilipofunga njia za kuingia na kutoka Mji wa Kale kwa sababu ya korona, wako waliokwepa kupimwa kwa kuogopa karantini. Sisi tunaofanya kazi ya kufuatilia maradhi tunaumia kuona hivyo, kwa sababu mara nyingi mtu huficha ugonjwa ambao sheria haimtaki afanye lolote zaidi ya kusema.

Sheria yenyewe ni Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, iliyoanza kutumika Kenya mwaka 1921. Ina orodha mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza imo katika kifungu cha 17, nayo ni ndefu: surua, dondakoo, kifaduro, homa ya matumbo, polio, kimeta, kichaa cha mbwa, ukoma, kifua kikuu na mengineyo. Haya ni magonjwa ya kuripotiwa. Ya pili imo katika kifungu cha 35, na ni fupi: ndui, tauni, kipindupindu, homa ya manjano na malale. Hayo ndiyo sheria inayaita magonjwa ya mlipuko ya kutisha, na Waziri wa Afya anaweza kuongeza mengine kwa amri. Korona iliongezwa kwa njia hiyo mwaka 2020.

Kwa ugonjwa wa orodha ndefu, jambo la kwanza linalodaiwa ni taarifa. Kifungu cha 18 hakimtwishi daktari peke yake mzigo huo. Mkuu wa familia anatakiwa kutoa taarifa, akikosekana ni jamaa wa karibu aliyemo nyumbani, wakikosekana hao ni anayesimamia nyumba. Katika nyumba ya Kiswahili yenye vyumba vya kupangisha na choo kimoja, maana yake ni kwamba hata mwenye nyumba hawezi kusema hayamhusu.

Orodha fupi ina nguvu nyingine. Ugonjwa uliomo humo ukizuka, kifungu cha 36 kinamruhusu waziri kutunga kanuni za kukagua nyumba kwa nyumba, kufungua hospitali za muda, kunyunyiza dawa, kuharakisha mazishi na kuzuia watu kutoka eneo lenye maambukizi.

Watu hudhani orodha fupi ni ya magonjwa yanayoua zaidi. Sivyo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, mgonjwa karibu hakika atafariki, lakini hakimo, kwa kuwa hakienei kutoka mtu hadi mtu mtaani. Kipindupindu kimo, ilhali mgonjwa anayewahiwa kwa maji ya chumvi na sukari ya paketi, na dripu ikibidi, kwa kawaida hupona. Kilichokiweka humo ni kasi yake. Dalili zaweza kutokea saa chache tu baada ya kunywa maji machafu, au hadi siku tano, na kinyesi cha mtu mmoja kinatosha kuharibu maji ya wengi.

Mombasa hilo tunalijua vizuri. Kisiwa chetu ni mwamba wa matumbawe, maji hupenya humo kwa urahisi, na visima vingi viko karibu na vyoo vya shimo. Mfereji ukikauka, maji ya kisima hujazwa mitungi ya lita 20, hupangwa kwenye mkokoteni na kuuzwa mitaa kadhaa mbali na yalikotekwa. Ndiyo maana bwana afya, akishamuuliza mgonjwa ameanza kuharisha lini, humuuliza maji ameyanunua kwa nani. Jibu hilo la pili laweza kumfikisha kwenye kisima kinachohitaji klorini kabla mtaa mzima haujaugua. Mgonjwa akifichwa, hakuna wa kumwonyesha kisima.

Wakati mwingine tunachotaka kuambiwa ni dalili tu. Mtoto wa chini ya miaka 15 akilegea mguu au mkono ghafla, tunaomba taarifa mara moja hata kama mzazi anaamini ni sindano au kijicho. Huchukuliwa sampuli mbili za choo, zikipishana kwa angalau saa 24, ndani ya siku 14 tangu kulegea, zikapelekwa maabara zikiwa kwenye ubaridi. Mara nyingi si polio. Lakini siku hizo 14 zikipita, kuthibitisha kunakuwa kugumu zaidi.

Je, mgonjwa anaweza kuzuiliwa? Ndiyo, kifungu cha 27 kinaruhusu kumtenga anayedhaniwa ameambukizwa, ila si popote wala si kama mhalifu. Mwaka 2010, wagonjwa wa kifua kikuu walioacha dawa walifungwa katika gereza la Kapsabet kwa kutumia kifungu hicho. Machi 2016, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kuwaweka gerezani kulikiuka Katiba. Kitabibu pia ni kosa kubwa: gereza lenye msongamano ndipo kifua kikuu kinaposambaa, ilhali mgonjwa anayemeza dawa sawasawa kwa kawaida huacha kuambukiza baada ya wiki chache. Virusi vya Ukimwi navyo vina sheria yake ya mwaka 2006, inayokataza kumlazimisha mtu kupimwa na inayolinda siri ya majibu yake.

Ugonjwa unaweza pia kubadilishwa daraja. Japani ilishusha korona tarehe 8 Mei 2023, ikawa katika daraja moja na homa ya mafua ya msimu, na amri za kumtenga mgonjwa zikakoma. Hapa kwetu ndui bado imeandikwa, ingawa mgonjwa wa mwisho wa maambukizi ya kawaida alipatikana Merca, Somalia, mwaka 1977. Kidingapopo (dengi) na chikungunya, homa zinazoenezwa na mbu zilizoisumbua Mombasa mara kadhaa, hazikuwamo katika orodha ya 1921. Kwa maoni yangu, sheria hii inahitaji kuandikwa upya.

Kwa sasa, ukiona dalili nyumbani, mwambie mhamasishaji wa afya wa mtaa wenu au nenda zahanati iliyo karibu. Ukiambiwa ujitenge, uliza ni kwa ugonjwa gani, kwa kifungu kipi, kwa siku ngapi, na nani atakayekuletea dawa na chakula. Afisa anapaswa kukujibu yote manne.